Picha ya Nyonga

Mama Sabuni alikaa kwa tako moja. Upande wa pili haukugusika tangu alipoteleza kwenye povu uani kwa watu, akifua mashuka yao, akaangukia ukingo wa karo. Wenye mashuka walimpa pole na dawa ya kuchua. Kwa umri huu, alisema daktari, kuchua ni kujidanganya. Lazima apigwe picha ya nyonga kwenye ile mashine kubwa, ijulikane mfupa umevunjika wapi, asije akalala kitandani moja kwa moja.

Picha. Neno hilo ndilo lililomponza. Mama Sabuni alijua kwamba mtu akienda kupigwa picha huoga na kuvaa. Basi asubuhi hiyo, ingawa kunyanyua mguu tu kulimtoa machozi, alimlazimisha bintiye ampigie pasi gauni la buluu, akaazima hereni kwa jirani, akajipaka poda mpaka shingoni.

"Mama, ni picha ya mifupa," binti alimwambia.

"Hata kama. Mifupa yenyewe ni yangu, si ya mbuzi."

Walicheka, na binti akambeba mgongoni. Kazi yake ilikuwa kubeba magunia sokoni; mama yake hakufikia hata nusu gunia.

Bei ya ile mashine, kuitaja mbele ya Mama Sabuni ilikuwa sawa na kumtukana. Lakini kwenye ukuta wa hospitali palibandikwa tangazo kwamba wazee wasiojiweza hupimwa bure, waende Ustawi wa Jamii. Ustawi wenyewe ulikuwa ghorofani na lifti ilikuwa mbovu. Binti akainama tena.

Afisa alikuwa kijana mwenye adabu, na adabu yake ndiyo iliyoudhi zaidi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

"Leo umependeza kweli."

Mama Sabuni akatabasamu, maskini ya Mungu. Alidhani anasifiwa.

"Sasa mama, msamaha huu ni wa wasiojiweza. Nikimpitisha mtu wa hereni, kesho nitaulizwa mimi."

"Za jirani, baba."

"Na gauni?"

"Langu. Mimi ni dobi. Nitakosa vyote, lakini uchafu sina."

Afisa akamgeukia binti, ambaye bado alikuwa anahema. "Na huyu?"

"Mwanangu. Ndiye aliyenibeba mpaka hapa." Alilisema kwa fahari.

"Basi, una mtu." Afisa akaiweka kalamu chini. "Utaratibu unasema mzee asiye na mtu wa kumtunza. Wewe unabebwa, mama. Wenzako wanaokotwa barabarani."

"Mimi nabeba magunia, kaka," binti alisema. "Nikikosa mzigo hatuli."

"Nakuelewa, dada. Hata mimi naumia. Jaribuni kwa mkuu wangu, mlango wa mwisho kule. Yeye hasikilizi maneno mengi, anaangalia tu."

Nje ya mlango Mama Sabuni alimpiga bintiye begani.

"Nishushe."

"Mama, korido ndefu hii."

"Nishushe nimesema! Shika hereni za watu. Nenda ukakae kwenye ngazi, na mtu akikuuliza, hunijui."

"Mama, jamani!"

"Hunijui. Mimi leo sikuzaa."

Binti alimshusha. Alikwenda kukaa kwenye ngazi, mikono haijui ishike nini. Nyuma yake mama yake alianza safari, kiganja ukutani, akifuta poda kwa pindo la gauni na kuuburuta mguu. Kila hatua alitoa mguno mdogo, kama mtu anayekamua shuka zito. Watu walimpisha.

Muuguzi mmoja aliyekuwa anapanda alisimama.

"Jamani, bibi huyu ataanguka! Dada, ni wako?"

Binti alitazama sakafu.

"Hapana," alisema. "Simjui."

Kule ukutani Mama Sabuni alisikia. Aliitikia kwa kichwa, kama anayemsifu mtoto kwa jibu zuri, akauvuta mguu tena.