Wengi au Nyingi?

Mlinzi wa mnara wa mlimani alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kwake kila kitu kilikuwa mtu. "Meli ameingia," alikuwa akisema kwenye simu. "Mawingu wanakuja." Kituo kizima cha wanamaji kilimcheka, na opereta wa simu alikuwa wa kwanza.

Asubuhi moja akapiga tena. "Dada, ndege wengi wanatoka baharini."

Opereta akamgeukia afisa wa zamu, aliyekuwa akifunga kamba za viatu. "Mlimani wanaona ndege, afande."

"Wengi au nyingi?"

"Wengi."

"Basi achukue manati atutafutie kitoweo!"

Opereta akacheka, kisha akakatisha kicheko. Nyumbani alikuwa na binti wa miaka mitatu. Juzi alimwambia, "Mama, kijiko amelala," na kweli kijiko kilikuwa kimelala, tena kimefunikwa leso. Tangu hapo mama alijifunza kuuliza kwanza, kusahihisha baadaye. Na baba wa mtoto huyo, fundi wa injini, alikuwa amelala ndani ya manowari ya tatu pale chini gatini.

"Hebu kaka, hao ndege wanapiga mabawa?"

"Aa, hapana. Mabawa wamenyooka tu."

"Wote?"

"Wote. Tena wanang'aa. Nimehesabu arobaini nikachoka."

Hakuomba ruhusa. Akabonyeza kitufe cha king'ora.

"We mama, una wazimu?" afisa akaruka, kiatu kimoja mguuni.

"Ni nyingi, afande! Nyingi!"

Dakika nne baadaye bomu la kwanza likaanguka. Madirisha yakamwagika sakafuni. Chini ya meza, vipokea sauti bado masikioni, opereta alihesabu vishindo mpaka hesabu ikampotea.

Kulipotulia, simu ya mlimani ikalia.

"Dada, wameondoka. Meli wa tatu amezama. Lakini walitoka kabla. Wote."

Opereta akaushika waya kwa mikono miwili. "Wote nani, kaka? Watu, au maboya?"

"Watu, dada! Watu wenyewe! Wako gatini, nawaona kwa darubini."

"Yupo mrefu, fulana ina kiraka chekundu mgongoni?"

Akasikia darubini ikigonga ukingo wa mnara.

"Kiraka yupo," mlinzi akasema. "Amekaa juu ya pipa, anakamua soksi."

Opereta akalia na kucheka kwa pamoja. Afisa, vumbi tupu hadi kope, alifungua mdomo amsahihishe mlinzi, akaufunga.