Kuku Aliyekataa Kansa

Yaya wangu Germain, kaka yangu mkubwa, hapendi nisimulie habari hii. Lakini avenue nzima, mtaa wetu wote, inaisimulia vibaya, basi bora niisimulie mimi niliyekuwa na kisu mkononi.

Germain ni daktari wa wanyama. Kwa miaka kumi na minne amefuata kitu kimoja tu: kirusi cha kuku. Si kile kinachomaliza banda zima kwa wiki moja, hicho kila mama wa hapa Likasi anakijua. Hiki chake ni cha taratibu. Kinaingia kwenye damu, kinakaa humo kama mgeni aliyekuja na masanduku yake yote, halafu siku moja ini la kuku linajaa vivimbe vyeupe na kuku anakufa amebaki mifupa. Ni kansa, anasema yaya, kansa inayoletwa na kirusi. Ukimwuliza kama inahamia kwa watu, anasema hapana. Ukimwuliza mara ya pili anasema hapana kwa sauti nyingine, maana watu wa avenue yetu walishamwuliza mpaka wakamchosha.

Zamani alikuwa na laboratwari ya Serikali, koti jeupe na friji kubwa ya kugandisha damu. Mwaka wa tisini na moja waporaji wakabeba mpaka milango. Friji ilikuja kuonekana kwa mama mmoja wa soko, imejaa samaki wa ziwa la Tshangalele, na damu ya miaka kumi ilikuwa imemwagwa kwenye mfereji. Germain alikwenda kuidai friji yake. Akarudi na samaki wawili wa kumpa pole.

Alichookoa ni madaftari na kuku ishirini na sita. Akawaleta nyumbani, kwenye kiwanja alichotuachia baba, ambamo tulikuwa tayari watu kumi na wanne. Mimi sikulalamika, napenda nyumba ijae, nikiamka nikute mtu wa kuzungumza naye. Lakini wale kuku walikuwa na masharti kuliko wakwe. Kila mmoja na pete ya aluminiamu mguuni, yenye namba. Usimguse, usimchinje, na yai lake lisitoke bila kuandikwa. Kila asubuhi yaya anapita na sindano, anawatoa damu kwenye bawa, anaandika. Umeme ukikatika, anaandika. Wengine wanatafuta unga, yeye anaandika.

Kati ya hao ishirini na sita kulikuwa na jike mmoja wa kienyeji, namba kumi na saba, mwekundu, shingo haina manyoya. Yaya alimdunga kile kirusi mara tatu na mara tatu kikashindwa. Wenzake wanakonda, yeye ananenepa. Germain alikuwa akimzungumzia mezani mpaka bukari, ugali wetu, inapoa: kirusi kinatafuta mlango wa kuingilia kwenye chembe za mwili, na kuku huyu hana ule mlango. Tuliisikia habari ya mlango kila siku ya Mungu. Watoto waliijua kuliko Baba Yetu.

Miaka mitatu alikuwa akiandikia barua profesa mmoja wa Ubelgiji, Dominique, kwa mkono wa wamisionari wa Mulungwishi. Mwezi wa nane mwaka wa tisini na nne ukaja ujumbe kwa foni, ile redio yao ya masafa: profesa anapita Lubumbashi kwa kazi nyingine na anatupatia siku moja. Akimwona namba kumi na saba kwa macho yake na kuchukua damu yake, ataipokea kazi ya Germain kwake, yenye jina la Germain, na yaya atamfuata huko amalizie utafiti. Asipomwona, miaka kumi na minne inaishia kwenye madaftari ambayo watoto walikwisha anza kuyachana ya kufungia karanga.

Kabla ya kwenda Lubumbashi kumpokea, yaya alileta samaki watatu wakubwa. “Mado,” akaniambia, “utapika samaki. Minasema samaki.” Akaondoka.

Sasa nauliza, na nijibiwe na mtu mwenye akili. Mgeni anatoka Ulaya, anaingia kiwanja chenye kuku ishirini na sita, halafu anapewa samaki? Mama Gertrude, jirani wa ng’ambo ya ua, alikuja kuegemea miti ya ua akauliza kwa sauti laini, ile yake ya kuchoma watu, kama ni kweli muzungu atakula kama wafungwa wa Buluo. Mama mdogo Mamie, mdogo wa marehemu mama yetu, akasema yeye hataki aibu hiyo akiwa hai. Kwetu mgeni wa mbali anachinjiwa kuku, na firigisi inawekwa nzima kwenye sahani yake aione mwenyewe kwamba hakuna aliyemtangulia kula. Mgeni asipoiona firigisi, umemfukuza kwa adabu.

Na tulifikiri, hilo liandikwe. Hatukukamata kuku ovyo. Tuliketi, mama mdogo, mimi, na Gertrude akiegemea ua wake, tukaulizana: katika kuku hawa, ni yupi asiye na kansa? Mtoto wa miaka mitano akajibu kabla yetu.

Damu ilikwenda mchangani, kichwa na manyoya vikaenda chooni. Pete niliiosha nikaitundika kwenye msumari wa jikoni, kwa kuwa ni mali ya Serikali.

Walifika mchana, weupe kwa vumbi wote wawili. Profesa alikuwa kimama kidogo cha mvi na viatu vya kiume. Germain alitaka kumpeleka bandani hapo hapo. Mama mdogo Mamie akasimama mlangoni: mgeni haonyeshwi mali ya nyumba akiwa na njaa. Basi wakaketi. Yaya alipoona kuku badala ya samaki alinikazia jicho, kisha naona aliwaza nimemnunua sokoni, akatulia. Profesa aliuliza firigisi ni nini, akaila yote, akaomba na mchuzi.

Ndipo wakaenda bandani. Nilikuwa nasuuza sahani. Nikamsikia yaya anahesabu kwa Kifaransa, anafika ishirini na tano, anaanza upya.

“Mado, namba kumi na saba iko wapi?”

“Yaya, weye ndio ulisema ile moja haina ugonjwa. Ungetaka tupe mugeni kuku ya kansa?”

Afadhali angepiga kelele. Aligeuza ndoo, akaikalia, akamweleza profesa polepole, akitazama chini. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, akaweka mkono tumboni. Akauliza kama kuna kilichobaki. Kilikuwa kimebaki mguu mmoja, na mama mdogo alikuwa anaunyonya. Germain akasema hata angebaki mzima asingesaidia. Kirusi kinapimwa kwenye chembe zilizo hai, na sufuria haiachi chembe hai. Na gari la kumrudisha profesa Lubumbashi lilikuwa linaondoka saa kumi.

Hapo nikajua ni lazima niseme. Ningeweza kunyamaza, na hadi leo ningekuwa mdogo wake mpendwa.

“Kuna mayai,” nikasema. “Yalikuwa sita. Mwezi wa kwanza, kuku ya Mama Gertrude ilikuwa inalalia mayai yaliyooza, akanililia. Nilimupa ya kumi na saba.”

Yaya akaingia ndani. Alichukua daftari la mwezi wa kwanza, akafungua, akanionyesha: kwa wiki nzima namba kumi na saba hakutaga.

“Mado, niliandika kurasa mbili juu ya ile wiki. Nilitafuta sababu. Nilisema labda ni joto.”

“Haikukuwa joto, yaya.”

Tukavuka kwenda kwa Gertrude. Kwanza alisema hakuwahi kupewa yai na mtu. Nilipomtazama, akakumbuka mawili. Yaya aliposema ni habari ya kazi yake yote, yakarudi kuwa sita: moja liliharibika, wawili walichukuliwa na mwewe, na majike watatu wako hapo, wanakula majivu jikoni, wekundu, shingo tupu. Germain aliwatazama kama anayeona watoto wake wakishuka kwenye treni.

Lakini profesa aliuliza jambo, yaya akalitafsiri kwa uchovu: kukosa ule mlango kunarithiwa pande zote mbili. Baba yao ni nani? Gertrude akasema atajuaje, jogoo ni jogoo. Na hapo, jamani, mtu aliyesoma miaka yote ile alinigeukia mimi. Nikamwambia. Baba ni jogoo wa Gertrude, huyo mwenye kilemba kilicholala upande. Aliruka ua kila alfajiri, avenue nzima ilimwona, na Gertrude alinyamaza, jogoo wake asije akafungiwa bandani kwetu.

“Amekwisha kuugua?” yaya akauliza.

“Huyu? Miaka ine,” Gertrude akasema, sasa na fahari. “Anakula ata sabuni.”

Nilimshika jogoo mimi mwenyewe. Profesa alitoa damu ya wanne wote, na kwenye kila kichupa akaandika jina la Germain kwa wino mweusi, herufi kubwa. Akasema si kumi na saba, lakini ni pa kuanzia, na kwamba barua ataituma Mulungwishi. Yaya alikisoma kila kichupa, akavuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu mchana.

Ndipo tukasikia kelele jikoni. Gertrude alikuwa amemwona muzungu ameketi kwenye kiti chake, ndani ya kiwanja chake, na mbele yake hakuna sahani. Alikuwa tayari ameshika jike mmoja kwa mabawa, mguu umekanyaga miguu yake, na anaomba kisu.

Germain alimfikia kwa hatua mbili. Akamnyang’anya yule jike, akamkumbatia kifuani juu ya shati lake safi.

“Samaki, Mama Gertrude,” akasema. “Profesa atakula samaki.”

Nikakimbia kuwaleta. Walikuwa bado watatu, hawajaguswa.