Nyumba ya Mwezi Mei

Jamani, sheria nyingine ukiisikia unadhani mtu anakutania. Kambi ya wachuma nyanya ya Tres Robles, California, hufungwa Novemba na kufunguliwa Mei, na anayetaka nyumba Mei lazima majira ya baridi awe amekaa mbali kabisa, si mji wa jirani. Eti ndivyo wanavyomtambua kibarua wa kuhamahama! Basi kila mwaka Hermelinda na mumewe Eleuterio walifunga virago kwenda kwao Michoacán, nchini Mexico, na binti yao Maricruz akang'olewa shuleni katikati ya masomo. Akirudi, wenzake wameshavuka, yeye anaanza upya.

"Tukiondoka tena, mimi na shule basi," alisema safari hii. "Nitachuma nyanya, yaishe."

Maneno hayo yalimchoma mama mtu. Akamwangukia shoga yake Ofelia, wakapewa gereji ya kuegeshea gari nyumbani kwake mjini, wakajibana humo watatu, baridi ikiwatafuna. Lakini Maricruz alisoma! Hisabati iliyokuwa ikimliza, sasa akawa anawaelekeza wenzake. Ulibaki mwezi mmoja tu afanye mitihani ya kuvuka darasa.

Mei ikafika. Mwana wa Ofelia alikuwa anahamia gerejini na mkewe, hapakuwa tena na pa kulaza hata mtoto mmoja. Wakaenda kambini kupanga foleni. Nusu ya watu pale walikuwa wamejificha kwa ndugu zao mjini, na wote walijua la kujibu.

"Wewe nyamaza," Eleuterio alimwonya mkewe. "Nitasema mimi."

Zamu yao ilipofika, karani Bautista, mtu wao wa siku nyingi, alitabasamu. "Binti yenu simwoni. Shule inaendaje?"

Mwaka mzima hakuna aliyemuuliza Hermelinda swali hilo. Furaha ikamjaa mpaka kooni. "Yuko darasani sasa hivi! Tangu Septemba hajakosa hata siku moja!"

Mdomo ukaponza kichwa. Msimamizi aliyekaa nyuma ya Bautista akainua uso.

"Tangu Septemba? Shule ya wapi?"

"Michoacán," Eleuterio akawahi.

"Na sasa hivi yuko darasani Michoacán?"

Mtu mmoja nyuma akacheka. Bautista akainamisha macho. "Nisamehe, mama. Nilikuwa nasalimia tu."

"Baba, mwezi mmoja tu!" Hermelinda akamlilia msimamizi. "Tupe hata chumba kibovu."

"Sheria si yangu, mama."

"Ya nani basi? Nitajie nikampigie magoti!"

Msimamizi akamwita aliyefuata.

Nyumba za mjini kodi yake ilikuwa haishikiki. Kazi yenye malazi ilikuwa kaskazini, kwenye mashamba ya matunda, safari ya siku mbili. Garini Eleuterio hakumgombeza mkewe hata kidogo, na Hermelinda alitamani angemtukana. Waliegesha nje ya shule, magodoro yamefungwa juu ya gari, wakaomba binti aitwe.

Maricruz alitoka mbio, penseli bado mkononi. Alipoona magodoro akapiga kigelegele.

"Tumepata! Mama, ni ile nyumba ya karibu na basi la shule? Niambie ni ile!"

Hermelinda alifungua mdomo. Uleule uliokuwa mwepesi asubuhi, sasa haukutoa neno.

"Ingia garini, mwanangu," Eleuterio akasema.

"Nimeacha begi darasani, baba. Nisubirini, narudi sasa hivi."

Akakimbia ndani huku anacheka, na hakuna kati yao aliyeweza kumwita.