Koti la Lotte

Mwalimu alitunga mchezo kuhusu Lotte, mtoto wa Kiyahudi aliyewakimbia Wanazi kwa meli hadi Marekani. Faida, aliyefika Dallas mwaka jana kutoka kambi ya wakimbizi Nyarugusu, akanyoosha mkono ili awe yeye Lotte. Kukimbia alikujua.

"Kiingereza chako bado, mpenzi," mwalimu akamwambia. "Lakini koti lako ndilo hasa! Tuazime."

Lilikuwa koti la kijivu lililochakaa viwikoni, na mama yake alikuwa ameshonea kifungo chekundu pale cheusi kilipong'oka. Akavalishwa Fiona aliyechaguliwa kuwa Lotte, binti wa nesi Mkenya, naye akauliza kama limefuliwa kweli.

Siku ya mchezo Faida alikaa nyuma ya pazia na blauzi tu, meno yakigongana kwa baridi. Lotte aliposhuka melini, watu wazima na akili zao walilia ukumbini. Mama Fiona machozi yalimtoka njia mbili mbili.

Mchezo ulipokwisha, nguo zote zikatupwa kwenye sanduku la misaada. Faida akaulizia koti lake.

"Usiwe mchoyo," mwalimu akamkaripia. "Kuna watoto wakimbizi wanapigwa baridi huko nje!"

Akarudi kwao Vickery Meadow kwa miguu, kwenye mvua ya barafu.

Jumamosi watu wa kanisa la Mama Fiona walikuja kugawa misaada pale pale Vickery Meadow. Faida akaitwa mbele, akavalishwa koti la kijivu lenye kifungo chekundu. Mama Fiona akainua simu ampige picha.

"Sema asante, mwanangu," akamwambia. "Na hili usilipoteze."