Viti Vitatu vya Zamu ya Kwanza

Saa sita mchana, siku ya mkesha wa Mwaka Mpya wetu wa Kichina, mdogo wangu Kok Thim alinitumia ujumbe wa maneno mawili kutoka Singapore: "Hatuji. Usipige." Nilikuwa namfunga baba vifungo vya shati jekundu tulilomnunulia kwa sikukuu. Lilikuwa limempwaya, na mabega ya shati yalimshuka mpaka karibu na viwiko. Nikaitia simu mfukoni, nikaendelea na vifungo.

"Nani huyo?" baba akauliza.

"Kok Thim. Wameshatoka."

Hivyo tu, bila kufikiri. Nilijiambia nitamweleza ukweli akishakunywa supu. Daktari alikuwa ametuambia tusipange jambo lolote la baada ya mwezi wa nne, maana tumbo lilikuwa limeliwa lote na saratani, na kwa wiki mbili baba alikuwa akiishi kwa uji mwepesi, vijiko vitatu, basi. Lakini alikuwa ameapa kwamba siku hiyo atakula. Atakaa na mwanawe, na mke wa mwanawe, na mjukuu ambaye hajawahi kumwona, mkahawani kwa Mama Kam, na atakula. Mimi nilitaka ale. Sikuwa na haja nyingine yoyote duniani.

Kisa chenyewe mji wetu wote wa Bidor unakijua. Miaka mitatu nyuma, mkesha kama huo, kwenye ukumbi huohuo, Kok Thim alimleta mchumba wake Kavitha, nesi, Mtamil, si Mchina kama sisi. Baba alilichukua bakuli lililowekwa mbele ya yule binti, akalifudikiza juu ya meza, akasema kwa sauti iliyofika jikoni: "Huyu hatujamwekea." Kok Thim akasimama, akamshika mchumba wake mkono, wakatoka. Tangu hapo wameoana na wamepata mtoto wa kiume, na sisi tunamjua kwa picha za simuni. Baba yangu alikuwa mkorofi. Sitampamba kwa sababu tu amekonda.

Kwa Mama Kam mkesha una zamu mbili. Ya kwanza inaanza saa kumi na moja na nusu, na saa moja na nusu unainuka utake usitake, kwa sababu wa zamu ya pili wanakuwa wameshajaa mlangoni na wajukuu wao wanalia njaa. Meza yetu ilikuwa ya watu sita. Tulikaa watatu: baba, mama, na mimi, mwanamke wa miaka arobaini na minne. Ningekuwa nimeolewa ningekuwa nakula kwa wakwe zangu, ndiyo desturi. Sikuolewa, kwa hiyo ya nyumbani kwetu yote nayaona mimi.

"Wako wapi saa hizi?" baba akauliza hata kabla hajakaa vizuri.

"Daraja la mpakani walivuka saa nane, sasa wako barabara kuu. Foleni, baba, we acha tu."

"Kila mwaka foleni," akasema mama. "Na mtoto humo ndani ya gari. Wamembebea maziwa?"

"Wamebeba."

Ikaja beseni na birika la chai ya moto ya kusuuzia vyombo. Kazi hiyo ni ya wadogo, na mezani petu mdogo ni mimi. Nikanyoosha mkono, baba akaupiga kidogo kwa vijiti.

"Leta hapa."

Akasuuza bakuli moja, chai ikimwagika kwenye kitambaa. Akalizungusha, akaimwaga chai, akalifuta ndani kwa karatasi, kisha akalitazama kwenye mwanga wa taa. Nilidhani ni lake. Akaliweka mbele ya kiti cha pembeni yake, kiti cha Kavitha, likitazama juu. Halafu akachukua vijiti vya Kavitha, navyo akavisuuza.

Mama akageuza uso akajifanya anatafuta kitu mkobani. Mimi nikampiga picha na simu nikiwa nimeiweka mapajani, nikaituma kwa Kok Thim. Zile alama mbili zikawa za buluu: ameiona.

Basi nikaendelea kuendesha. Sijui niite nini kingine. Kila baba alipouliza, nilimsogeza Kok Thim mbele kidogo barabarani. Saa kumi na mbili kasoro nilimfikisha Seremban. Saa kumi na mbili na robo nikampitisha Kuala Lumpur, na hapo nilimpeleka mbio mno, maana mama alisema, "Huyo anakimbiza gari, mpigie umwambie apunguze." Nikamsimamisha kituo cha mafuta mtoto abadilishwe nepi. Nilichukia jinsi nilivyokuwa hodari.

"Mzee Lai," Mama Kam akaja, jasho linamtoka, daftari la meza kwapani. "Tulete?"

"Ngoja."

"Supu angalau."

"Mwanangu yuko njiani. Watu hawajatimia unaleta supu ya nani?"

"Mzee wangu, mimi nakuheshimu, lakini karai halimheshimu mtu. Chewa wako nishamtia kwenye mvuke. Akiiva ameiva."

"Mtoe."

"Nikimtoa sasa utamla mbichi?" Akanigeukia mimi, akashusha sauti. "Foong, hao wako wapi kweli?"

"Tanjung Malim," nikasema, kwa sauti ya kusikiwa na mama. Ilikuwa saa moja kasoro kumi. Tanjung Malim ni mwendo wa kama saa moja kutoka kwetu. Nilikuwa nimefika mwisho wa barabara na sikuwa na mtu wa kumshusha.

Sahani zikaja zote kwa mpigo, kwa kuwa jikoni walishachoka kutusubiri: kuku, kamba, mboga, bata, chewa mzima chini ya tangawizi na kitunguu. Baba akaweka mikono mapajani. Hakuna aliyegusa. Meza ya jirani, ya watu kumi na wawili, walikuwa wamesimama wanarusha saladi ya bahati juu kwa vijiti huku wakipiga kelele za kuombeana heri, na vipande vya karoti vikatuangukia mezani. Msichana wao mmoja akaja kwa adabu kuuliza kama viti vyetu vina watu.

"Vina watu," akasema baba.

Ngozi ya samaki ikaanza kukunjamana. Nikasema naenda msalani, nikatoka nje mpaka kwenye matangi ya samaki hai, nikapiga. Mara ya nne akapokea.

"Nilisema usipige."

"Umeiona picha?"

"Nimeiona."

"Amelisuuza mwenyewe, Thim. Bakuli la mkeo. Baba! Uliwahi kumwona akisuuza hata lake?"

"Alisuuze mara mia, dada. Kavitha alilia kutoka hapo Bidor mpaka mpakani. Na wewe ulikuwepo. Ulisema nini?"

Siku ile nilikuwa na birika mkononi, nikaendelea kumimina chai.

"Anakufa, Thim."

"Najua anakufa. Nimeshalia yangu, nimemaliza. Usinirudishe huko."

"Ongea naye basi. Neno moja tu, nakuomba."

Nilihisi mtu nyuma yangu. Baba alikuwa amejikokota peke yake katikati ya meza zote zile, na sasa alikuwa ameegemea tangi, anahema, shati jekundu limelowa. Sijui alisikia kuanzia wapi. Akanyoosha mkono, nikampa simu. Anasikia kwa shida, kwa hiyo huwa nimeiongeza sauti, na nilisikia kila kitu.

"Thim," akasema. Yeye aliyejua kutukana mpaka mbwa wakahama mtaa, akauliza: "Umekula?"

"Nimekula."

"Na mwenzio?"

"Amekula."

"Mtoto je? Anakula vizuri?"

Simu ikakatika. Baba akaishikilia sikioni kidogo zaidi, kisha akanirudishia.

"Wako wapi?" akaniuliza.

Nikainamisha kichwa.

"Si umemwambia mama yako Tanjung Malim?"

"Ndiyo, baba."

"Haya. Wabaki hapohapo Tanjung Malim."

Akanishika bega tukarudi ndani. Mama alikuwa amenyoosha shingo.

"Wamesemaje?"

"Foleni imesimama kabisa," akasema baba, akikaa. "Wamekula njiani. Tule sisi."

Nikawaita kama mtoto anavyopaswa kuwaita wakubwa wake kabla ya kula: "Baba, kula. Mama, kula." Sauti ilinitoka mbaya. Baba akachukua kipande cha samaki kidogo kuliko ukucha, akakitafuna muda mrefu sana, kisha akakitoa kwenye karatasi na kuikunja. Akajaribu supu. Kijiko kimoja, cha pili akakirudisha bakulini. Hiyo ndiyo karamu niliyomdanganyia.

Saa moja na dakika ishirini Mama Kam akaja na makopo ya plastiki ya kufungia chakula, akayaweka mezani. Mlangoni watu walikuwa wanatutolea macho. Yule msichana wa meza ya jirani alipopita tena, baba akamwashiria avichukue viti.

"Chukua vyote vitatu, mwanangu."

"Na wakifika watakaa wapi?" mama akauliza.

"Watakuja moja kwa moja nyumbani."

"Basi tuwafungie. Chakula cha njiani si chakula." Akaivuta sahani ya samaki karibu, akavaa miwani, akaanza kuitenganisha ile minofu ya tumboni, iliyo laini. Alikuwa anaipapasa kwa vidole, kipande baada ya kipande, anatoa miiba na kuipanga ukingoni mwa sahani. "Ya mtoto hii," akasema. "Mtoto wa umri ule mwiba mmoja tu unamkaba."

Baba alinitazama, nami nikamtazama. Mama Kam alikuwa amesimama na kitambaa chake, anangoja meza. Hakuna aliyemwambia mama aache, na alikuwa bado hajamaliza upande wa kwanza wa samaki.