Ziwa la Mama Mkwe

Mama mkwe alitaka kuona milima na maziwa kabla macho hayajamchoka. Nikaendesha kutwa nzima. Kona ya kwanza tu akalala fofofo, mdomo wazi, akakoroma kwenda na kurudi. Nilipotaka kumwamsha, mke wangu akanikazia macho: "Mwache mama apumzike." Gari langu, mafuta yangu, mgongo wangu, nikaendelea kuendesha.

Jioni majirani wakajaa sebuleni. Mama akawasimulia ukungu ulivyoteremka mlimani, na ziwa lilivyobadilika rangi jua lilipochomoza. Mdomo uliniwasha nimuumbue. Lakini mimi mwenyewe, siku nzima, sikuwa nimeona kitu ila lami na migongo ya malori. Nikavuta kiti karibu, nikamuuliza:

"Mama, likawa rangi gani?"