Hozefa na Ngoma ya Samuye

Vijana wa siku hizi wananichekesha. Eti muziki wa haus, ule wa mdundo wa mashine, uliletwa huku na redio za Dar. Nani kasema! Mimi Mbuke nimeucheza Shinyanga kabla hizo redio hazijafungua mdomo, na aliyeupiga ni Hozefa, mtoto wa duka la vifaa vya ujenzi. Alitengeneza kaseti zake mwenyewe kwa kinanda na deki mbili, zikafika mpaka Geita, wachimbaji wakazicheza hadi mkanda ukakatika. Mpaka leo nikienda harusini nasikia mdundo wake, ila jina lake hakuna anayelitaja. Mayo wane, mama yangu, zile siku! Nikizikumbuka, miguu yenyewe inawasha.

Lakini ilibaki kidogo tu asifike popote. Baba yake alichoshwa na makelele, akamwambia, "Nenda Samuye kwenye mashindano ya ngoma. Asipobaki mtu upande wako, unauza hayo maspika na unarudi dukani kupima misumari." Hozefa akakubali.

Kwetu Usukumani mashindano ya ngoma hayana jaji. Pande mbili zinapiga kwa pamoja, zimetazamana, na watu wanakwenda wanakovutwa. Mwenye watu wengi ndiye kashinda. Mwaka huo wa tisini na nne, baada ya mavuno, upande mmoja tulikuwa sisi, kundi la Mabula, mimi nikiwa mwimbaji. Upande wa pili Hozefa na jenereta lake.

Mwanzoni watu walimjaa, maana kigeni lazima kitazamwe. Kumbe mwenzetu alikuja na mbwembwe: alikuwa amerekodi ngoma yetu mwaka uliopita, akaitia ndani ya mdundo wake. Masikini! Unawaletea watu ngoma yao kwenye kaseti, na wenye ngoma tuko palepale tunatoka jasho? Mabula alicheka, akaikung'uta ngoma kuu, nami nikapandisha sauti. Watu wakahama wote, wakamwachia mbuzi tu.

Hozefa akazima mashine, akaanza kukunja nyaya huku machozi yanamlenga. Roho iliniuma jamani, maana ule muziki ulikuwa mtamu, na ndiyo kwanza ulikuwa unapata moto. Haus haina haraka.

Alipoinua kichwa, baba yake alikuwa amesimama mbele ya spika, kanzu nyeupe imegeuka rangi ya vumbi. Hakuna aliyejua kwamba amekuja.

"Nimeshindwa, Baba," Hozefa akasema. "Hakubaki mtu. Kesho nitafungua duka."

Mzee akaukagua ule uwanja mtupu, kisha akajiangalia mwenyewe toka kifuani mpaka viatuni.

"Hakubaki mtu? Na mimi nani, mfuko wa saruji? Hebu washa, bwana. Ndiyo kwanza nilikuwa naanza kuuelewa."